Jibu Likija, Nani Atalisoma?

Barua ilikuwa imebakiza aya ya mwisho. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa kampuni moja kubwa inayonunua kahawa, na ilikuwa imepitia mikono mingi kiasi kwamba kila sentensi ilikuwa na mtetezi wake. Tulikuwa tunakutana mtandaoni, wanakampeni wa nchi mbalimbali, nusu yao wamezima kamera. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga. Akawasha kipaza sauti mama mmoja, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima, ambaye tangu tuanze alikuwa ametoa salamu tu.

"Barua ni nzuri, ndugu zangu, nawashukuru. Sasa jibu likija, nani atalisoma?"

"Usiwe na wasiwasi, mama," mwenyekiti akasema. "Likija tutalitangaza kila mahali."

"Sijauliza nani atalitangaza, mwanangu. Nimeuliza nani atalisoma."

Akaeleza kwa utulivu. Barua kama hizi zimeshaandikwa kwa jina la wakulima. Kampuni hujibu, tena kwa heshima, kwa kurasa nyingi na ahadi zilizowekewa mwaka wa kutimia. Jibu huwafikia wao kama faili kwenye simu, miezi imeshapita, na waliohamasisha barua wameshahamia kwenye jambo jingine. Hakuwa analaumu. Alichotaka ni jina la mtu.

Hakulipata siku ile, na swali lake limenifuata wiki zote hizi.

Siku ya kutuma

Aliyewahi kushiriki kampeni anaijua siku ya kutuma. Saini zimefika idadi iliyokusudiwa, maboksi yamebebwa hadi mapokezi, picha imepigwa mbele ya jengo, na afisa wa upande wa pili ametoka kuyapokea akitabasamu. Siku hiyo ina tarehe, ina nyuso, ina furaha ya kweli. Siidharau hata kidogo. Watu wanaoishi mbali na madaraka wanahitaji kuonana wakiwa wengi, na mwenye madaraka anahitaji kuuona wingi huo.

Siku ya jibu haina shamrashamra. Jibu huja katikati ya wiki, kwenye kiambatanisho, lina majedwali, lina "tutajitahidi", lina "pale inapowezekana", lina "kwa kushirikiana na wadau". Ili kulisoma sawasawa inabidi ukumbuke mliomba nini hasa, ulinganishe mstari kwa mstari, uone kipi kimepunguzwa na kipi hakikuguswa kabisa. Hakuna anayepiga picha ya kazi hiyo.

Na ndiyo inayoamua.

Kilichofuata baada ya Birmingham

Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa G8, kundi la nchi nane zenye nguvu kiuchumi, wakiwa Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe. Kampeni iliitwa Jubilee 2000, kutokana na ule mwaka wa jubilei wa Biblia, mwaka wa hamsini, ambao watumwa huachiwa huru na ardhi hurudishwa kwa wenyewe. Chimbuko lake lilikuwa watu wawili, Martin Dent, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, mwanadiplomasia mstaafu. Hadi inafika mwisho ilikuwa imekusanya saini takriban milioni 24 duniani kote. Juni 1999, mjini Cologne, Ujerumani, viongozi wa kundi lilelile wakaahidi kufuta madeni ya dola bilioni 100.

Wengi huisimulia hadithi hii wakaishia hapo. Mimi naona ndipo inapoanza.

Kampeni ilikuwa imejiwekea mwisho kwenye jina lake lenyewe. Mwaka 2000 ukaisha, muungano wa kampeni hiyo nchini Uingereza ukafungwa kama ulivyopangwa, na sehemu kubwa ya ahadi ya Cologne ikawa bado haijatimizwa. Waliobaki wakaunda vikundi vipya, vidogo zaidi, visivyo na wasanii wala kamera, wakaendelea kuuliza: nchi gani, lini, kiasi gani, kwa masharti yapi. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa G8 huko Gleneagles, Uskoti, ikatoka ahadi pana zaidi, ya kufuta madeni ambayo nchi hizo zilikuwa zinadaiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Mpango wenyewe wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, unaojulikana kwa kifupi cha HIPC, ulianza mwaka 1996. Somalia, nchi ya 37 kuukamilisha, ilifika mwisho wa njia hiyo Desemba 2023.

Miaka 27.

Hakuna maandamano yanayodumu miaka 27. Waliodumu ni watu wenye mafaili: viongozi wa dini, wachumi, wanafunzi waliozeeka ndani ya jambo hili, maofisa wa serikali ambao wengi wetu hatutawajua kamwe.

Tunasema ahadi ni deni, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha yote. Deni la nchi lina watu walioajiriwa kulikumbuka. Riba yake huhesabiwa usiku na mchana, tarehe ya malipo ikikaribia barua hutumwa, ikipita wanasheria huitwa. Ahadi waliyopewa wakulima, washonaji au nchi inayodaiwa haina karani wala mwanasheria. Ikisahaulika, hakuna kengele inayolia popote. Kushiriki kampeni, kwa jinsi ninavyoelewa sasa, ni kukubali kuwa mdai wa ahadi hiyo.

Matrekta ya mwaka 1979

Kuna kesi moja ambayo kila nikiisoma upya nakasirika upya.

Mwaka 1979 Zambia ilikopeshwa na Romania ili kununua matrekta na zana nyingine za kilimo. Uchumi ukayumba, deni likabaki. Miaka ishirini baadaye, 1999, kampuni iitwayo Donegal International ililinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola zaidi kidogo ya milioni 3. Kisha ikaishtaki Zambia London ikidai dola milioni 55. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Uingereza iliiagiza Zambia ilipe takriban dola milioni 15.5. Wakati huohuo Zambia ilikuwa ndiyo kwanza imepata nafuu ya madeni iliyopiganiwa Birmingham na kwingineko. Yaani wadai wengine wamesamehe, na nafasi iliyopatikana kwa msamaha huo ikachukuliwa na mtu ambaye hakuwahi kuikopesha Zambia hata senti.

Wanakampeni waliwaita wawekezaji wa namna hii tai, kwa kuwa hutua pale mwili unapodhoofika.

Waliobaki na mafaili baada ya mwaka 2000 ndio waliokuwa tayari. Hawakuhitaji kuanza kujifunza deni ni nini. Walijua sheria gani inaruhusu jambo hilo, ni ya nchi gani, na nani anaweza kuibadilisha. Aprili 2010, Bunge la Uingereza likiwa karibu kuvunjwa kwa ajili ya uchaguzi, ilipitishwa sheria inayomzuia mdai wa aina hiyo kutumia mahakama za Uingereza kudai zaidi ya kile ambacho angepata kama angeshiriki nafuu ya HIPC pamoja na wengine.

Lakini ilipitishwa kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka mmoja! Siku ya kupitishwa watu walishangilia, na walistahili. Kama wangerudi nyumbani na kubaki huko, mwaka 2011 sheria ingekufa yenyewe bila mtu kuiua. Walirudi, wakaandika tena, wakabisha hodi tena kwa wabunge ambao baadhi yao walikuwa wapya kabisa baada ya uchaguzi, na mwaka 2011 ikafanywa ya kudumu. Hadithi hii nawasimulia vijana wote wanaoniuliza kama kampeni huzaa chochote, na huwa nakazia hiyo sehemu ya pili.

Sheria ina mpaka wake. Inahusu madeni ya zamani ya HIPC, haigusi hati fungani, yaani hati za mikopo, ambazo nchi nyingi zimeuza baadaye kwa wawekezaji binafsi, nyingi zikiwa chini ya sheria za Uingereza au za jimbo la New York. Zambia yenyewe ilishindwa kulipa Novemba 2020. Wenye hati fungani zake walifikia makubaliano nayo mwaka 2024.

Wakaguzi wa wilayani

Uganda ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kupata nafuu ya HIPC, Aprili 1998. Fedha zilizookolewa zilielekezwa kwenye mfuko maalumu wa kupambana na umaskini: elimu ya msingi, afya ya msingi, maji, barabara za vijijini. Uganda Debt Network, mtandao wa asasi za kiraia uliokuwa umedai nafuu hiyo tangu 1996, ungeweza kutangaza ushindi na kufunga milango.

Badala yake uliandaa kamati za raia wilayani, za kufuatilia fedha za mfuko huo.

Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko maandamano yote niliyoyataja. Mfikirie mwananchi wa kawaida amesimama mbele ya jengo la shule ambalo halijakamilika, anajua fungu gani lilitengwa na linatoka mfuko gani, na anamuuliza mkandarasi au ofisa wa wilaya kwa nini kuta zimesimama bila paa. Pale ndipo dola bilioni 100 za Cologne zinapogeuka kuwa kitu kinachoshikika, au zinapoyeyuka. Na mwenye kuuliza ni yule yule ambaye kampeni ilifanywa kwa jina lake. Haombewi tena. Anadai mwenyewe.

Tanzania ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001, nafuu ya deni ikiwa mojawapo ya mambo yaliyowezesha hatua hiyo, watoto waliingia shuleni kwa wingi kuliko madarasa na walimu waliokuwapo. Huko nako jibu zuri lilizaa swali jingine, na swali hilo lilihitaji watu wa kulibeba.

Ahadi mbili

Septemba 2001, kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano nchini Marekani, maarufu kwa majina ya wanasiasa wawili, Harkin na Engel, kwamba hadi Julai 2005 zitakuwa zimeshughulikia aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto kwenye kakao ya Afrika Magharibi. Yalikuwa ya hiari. Yalichukua nafasi ya pendekezo la sheria. 2005 ikafika, muda ukasogezwa hadi 2008. 2008 ikapita. Mwaka 2010 ikaja shabaha mpya, kupunguza kwa asilimia 70 hadi 2020. Na mwaka huo wa 2020, utafiti uliofadhiliwa na serikali ya Marekani ukakadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa bado wanatumikishwa kwenye kakao ya Côte d'Ivoire na Ghana.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa nje. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki iliyokuwa humo ilifunga ofisi yake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Mei mwaka huohuo, kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa zilitia saini mkataba wa usalama wa viwanda. Huu haukuwa wa hiari. Ulitaka ukaguzi huru, taarifa za kila kiwanda ziwekwe hadharani, na kampuni ikikiuka ipelekwe kwenye usuluhishi wenye nguvu ya kisheria. Mwaka 2016 vyama vya wafanyakazi vilifungua mashauri kule The Hague, Uholanzi, dhidi ya kampuni mbili, na mojawapo lilimalizika kwa kampuni kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 ili viwanda virekebishwe.

Ukiziweka nyaraka hizi mbili mezani, uungwana wa lugha unafanana. Tofauti ni kwamba ule wa pili ulimtaja mtu mwenye haki ya kurudi na kuuliza, ukamwambia arudi wapi.

Tangu nilipoiona tofauti hiyo, ombi la saini likinifikia kwenye simu natafuta kwanza sehemu hiyo. Naangalia nani anaombwa, afanye nini, na nani ana haki ya kumdai baadaye. Isipokuwepo, naandika kuuliza. Mara nyingine najibiwa vizuri, na natia saini kwa moyo mmoja.

Na nembo kwenye pakiti?

Kwa wengi, biashara ya haki, au Fairtrade kwa Kiingereza, ni nembo. Ya kwanza ilizinduliwa Uholanzi mwaka 1988, kwenye kahawa ya wakulima wadogo wa Oaxaca, Mexico. Mwaka uliofuata mfumo wa kimataifa wa kugawana mafungu ya kahawa ukavunjika, bei ikaanguka, na wazo la bei ya chini isiyovukwa likawa na maana kwa mamilioni ya watu. Kwa arabika iliyooshwa, bei hiyo ya Fairtrade ilikuwa dola 1.40 kwa ratili tangu 2011, ikapandishwa hadi 1.80 mwaka 2023, juu yake kukiwa na nyongeza ya senti 20 ambayo wanachama wenyewe huamua itumikeje.

Miaka kumi na miwili bei ile ilikaa palepale, wakati mbolea, usafiri na vibarua havikukaa palepale. Anayeishia kwenye kuitazama nembo hawezi kuliona hilo. Wala haoni kwamba vyama vingi vya ushirika huuza sehemu tu ya mavuno yao kwa masharti hayo, kwa sababu wanunuzi hawatoshi, na inayobaki huenda soko la kawaida.

Hata hivyo lipo jambo kwenye mfumo huo ninaloliheshimu sana. Mwaka 2011 iliamuliwa kwamba wazalishaji wawe na nusu ya kura kwenye mkutano mkuu wa Fairtrade International, shirika linalosimamia nembo hiyo. Kabla ya hapo, waliokuwa na sauti kubwa ni mashirika ya nchi zinazonunua. Kura haipandishi bei kesho yake. Inampa mkulima haki ya kusema kwamba kiwango hiki hakitoshi, na kusema hivyo ndani ya chumba ambacho kiwango kinapangwa.

Kununua chenye nembo ni kushiriki. Ni ushiriki mwepesi kuliko wote, na sioni ubaya wake, ilimradi usiwe ndio mwisho.

Shaka ninayobaki nayo

Kufuatilia kuna hatari yake, nami sijaipatia dawa. Nyaraka ni ndefu, nyingi ni za Kiingereza, zimejaa vifupisho. Anayezimudu polepole anakuwa mtaalamu, mtaalamu anaanza kuzungumza na wataalamu wenzake, na baada ya miaka michache yule aliyeombewa haki hafahamu tena kinachosemwa kwa niaba yake. Nimeliona likitokea kwenye vikundi vyema kabisa. Katibu wa ushirika ana mizani ya kusimamia, wanachama wa kulipa, mvua ya kuwahi. Kumwambia asome kurasa themanini za kampuni ni kumwongezea mzigo. Kumsomea bila yeye kuwepo ni kumpokonya jambo lake.

Barua yetu ilichelewa kutumwa, na ilipoondoka ilikuwa na sharti jipya: jibu liufikie ushirika siku ileile litakayotufikia sisi, na watu wawili wakae na viongozi wake walipitie pamoja. Mmoja wa wawili hao ni mimi.

Jibu limeshakuja. Tulilisoma kwa sauti kwenye simu, ibara moja baada ya nyingine, mimi nikitafsiri, wao wakisimamisha popote walipotaka. Tulikuwa tumeomba malipo ya awali, yaani mnunuzi atoe sehemu ya fedha kabla ya mavuno ili ushirika uweze kukusanya kahawa ya wanachama wake bila kukopa. Si ombi la ajabu. Viwango vya Fairtrade vinamruhusu mkulima kuomba hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Kwenye jibu, kampuni inasema inakubaliana nasi na "itawezesha upatikanaji wa mitaji kupitia taasisi za fedha". Nilikuwa nimeshaivuka sentensi hiyo, ilisikika kama ndiyo. Mhasibu wao akanisimamisha.

"Kaka, rudi hapo. Sisi tumeomba watulipe mapema. Wao wanasema watatusaidia kukopa."

Riba ya mkopo huo atailipa nani? Hilo ndilo swali la kwanza kwenye barua ya pili, na safari hii ameliandika yeye.

Yaliyo mezani sasa

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuzitaka kampuni kubwa ziwajibike kwa haki za binadamu na mazingira hadi kwa wanaozizalishia huko mbali. Kabla haijaanza kutumika, mwaka 2025, utekelezaji wake ukaahirishwa na mchakato wa kuipunguza makali ukaanza. Walioshangilia 2024 na kuondoka hawakuliona.

Kwenye Umoja wa Mataifa kuna mazungumzo ya mkataba wa kodi, yaliyoanzishwa kwa msukumo wa nchi za Afrika kwa azimio la Novemba 2023 lililopata kura 125. Nchi zinajadiliana kuhusu haki ya kutoza kodi faida ya kampuni pale inapopatikana, na kazi hiyo imepangwa kukamilika 2027. Rasimu zinawekwa wazi. Mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Tumegawana kazi hii ya kufuatilia. Kundi la kodi limepata mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hachoki kuuliza, na wanafunzi wawili wa sheria. Mimi niko kwenye madeni, nalinganisha kile wadai walichoahidi na kile kilichoandikwa kwenye mikataba. Nchi kadhaa tunazozifuatilia zinaandika nyaraka zake kwa Kifaransa, na mpaka leo hatujapata mtu wa kuzisoma.